Nyota Mbele ya Maneno ya Mama

Dakta Piers Lanyon alikuja kumzika kaka yangu akiwa amevaa koti refu la rangi ya ngamia na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga udongo wa makaburini. Alisimama mlangoni mwa kanisa letu hapa Pitcarrow, mji mdogo wa pwani, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema kwamba Walter alikuwa na sikio la nadra. Nikamwambia alikuwa nayo mawili. Akatabasamu kama mtu anayempongeza mtoto kwa kuhesabu vidole. Kisha akaniuliza kama angeweza kupewa kamba.

Kwetu jeneza hushushwa na watu wa marehemu wenyewe, kila mmoja na kamba yake. Kila kamba ina nambari, na nambari hiyo unapewa kwenye kadi kabla ya kutoka kanisani. Kumpa mtu kamba ni kutangaza mbele ya mji kwamba alikuwa wa marehemu kweli. Binamu yetu wa Kirkcaldy alikuwa amevunjika nyonga, kwa hiyo kamba moja ya upande wa miguu ilikosa mtu. Mchungaji wetu, ambaye bado ni kijana na anaamini kila mwenye dhambi hutubu akipewa nafasi, alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikampa Lanyon kadi. Mungu ameagiza tusamehe. Sijasikia akiagiza tunyamaze.

Kaka yangu aliandikishwa Walter Geddes, lakini hapa jina hilo lilitumiwa na daktari na mwalimu mkuu tu. Sisi tulimwita Wattie. Baba alichimba makaa ya mawe mpaka makaa yakaingia mapafuni mwake yakamuua. Mama yetu, Teenie, alifungia watu samaki na chipsi dukani mpaka magoti yakakataa. Wattie alizaliwa na kifua kibovu, hakufaa kwa kazi ya shimoni, basi akaachiwa vitabu. Alipata kazi kwenye gazeti la Kirkcaldy, kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kuondoa makosa. Alama ya mkato ikikaa mahali pasipo pake, aliiona kama wewe unavyoona nzi kwenye maziwa. Alikuwa mtu mpole, mwoga kidogo, anayependa kusifiwa. Nasema hivyo na nampenda. Kusema uongo juu ya wafu ni dhambi kama kusema uongo juu ya walio hai.

Mgomo wa wachimba makaa ulipovunjika, wanaume wa pwani hii wakarudi kazini vichwa chini bila hata kitu cha kuwaonyesha watoto wao. Wakati huohuo, ng'ambo ya daraja kule Edinburgh, Lanyon alikuwa akipewa fedha za kuifundisha kompyuta Kiingereza. Alitoka kusini kabisa ya Uingereza na alizungumza kana kwamba maneno yalimwunguza meno. Alitafuta mtu wa kutambua sentensi nzuri na mbovu. Mtu akamtajia Wattie.

Wattie alinieleza kazi yenyewe mara nyingi, na kila mara nilijitahidi kuiheshimu. Kompyuta haikuelewa chochote. Haikujua chai ni nini wala mvua ni nini. Ilijua sheria walizoiandikia: sentensi ni kundi la jina na kundi la kitenzi, kundi la jina ni jina pamoja na mapambo yake, kundi la kitenzi ni kitenzi na vyote kinavyoviburura. Ukiipa sentensi, inaipasua kwa sheria hizo mpaka libaki neno mojamoja, kisha inachora mti wa mipasuko yake. Ikishindwa kuchora mti, hiyo kwake si sentensi. Watu wazima wenye shahada tatutatu walikaa mchana kutwa kuandika sheria hizo, wakinywa kahawa.

Jumapili moja Wattie alimchorea mama mti wa namna hiyo kwenye karatasi ya kufungia samaki. Mama akaugeuza huku na huku.

"Mizizi iko wapi, mwanangu?"

"Juu, mama. Huu unaota kwenda chini."

"Sisi mti wa hivyo tunauita kuni."

Wattie alicheka mpaka akakohoa. Wakati ule bado walikuwa wakicheka pamoja.

Alituambia pia jinsi walivyoifanyia sherehe mashine kwa kusoma sentensi hii: "Mama alimwona mchungaji akishuka kilima." Ilichora miti miwili, kwa sababu anayeshuka anaweza kuwa mchungaji, au anaweza kuwa mama. Walifungua chupa ya mvinyo. Mtu yeyote wa Pitcarrow angewaambia bure kwamba alikuwa mchungaji. Mama hakupanda kilima tangu magoti yalipovimba, na asiyepanda hashuki.

Sasa, watu wa kazi hiyo wana desturi yao, na yote yaliyotokea yametoka hapo. Wanakaa kuzunguka meza. Mmoja anasoma sentensi, kisha anauliza, "Unaweza kusema hivyo?" Wote wanafumba macho kidogo na kuisikiliza vichwani mwao, kama wapishi wanaoonja mchuzi. Wakisema ndiyo, sheria inaandikwa ili mashine iikubali. Wakisema hapana, sentensi inachorewa nyota mbele yake, na sheria inaandikwa ili mashine iikatae. Hawatoki nje kumuuliza mtu. Mvua hainyeshi Edinburgh mpaka wao wakubaliane kwamba inaweza kunyesha.

Msafishaji wa pale alikuwa Ina, mwanamke wa pwani yetu. Siku moja alichoshwa na uchafu wao, akabandika kikaratasi juu ya chombo chao cha kahawa: "Birika hili linahitaji safishwa." Inabidi nieleze jambo hapa. Kiingereza cha vitabuni kinataka "linahitaji kusafishwa." Sisi hatuna haja na hiyo "ku." Nywele zinahitaji chanwa, ng'ombe anahitaji kamuliwa, mtoto anahitaji pakatwa. Babu zetu walisema hivyo, na wazee wa kanisa wanasema hivyo wakiwa wamevaa suti. Birika linasafishwa vilevile.

Lanyon alikiingiza kikaratasi mkutanoni akikipeperusha kwa vidole viwili. Akakibandika ubaoni. "Mabwana na mabibi, tunaletewa Kiingereza kipya. Kuna mtu anaweza kusema hivi?"

Wenzake walikuwa mwanamume wa Oxford na mwanamke wa Uholanzi. Wakacheka, kisha wote wakamgeukia kaka yangu, maana ndiye pekee aliyezaliwa upande huu wa daraja.

Wattie alifumba macho. Aliniambia miaka mingi baadaye, akiwa amesimama kwenye sinki letu na kitambaa cha vyombo mkononi, kwamba aliisikia sentensi ile kwa sauti ya mama, wazi kabisa, kama yuko chumbani. Akafumbua macho.

"Hapana," akasema. "Hakuna anayesema hivyo. Bibi huyu ameruka neno tu."

Lanyon akampa chaki. Wattie akachora nyota mwenyewe.

Kuna mtume mmoja aliyekuwa akiota moto uani akaulizwa jambo rahisi kama hilo, akakana. Yeye angalau aliogopa kusulubiwa. Kaka yangu aliogopa kuchekwa na mwanamume wa Oxford.

Kisha ikaja siku ya kuonyesha mashine. Baraza letu lilikuwa na nyumba nyingi za kupangisha na malalamiko mengi kuliko nyumba. Lanyon akawashawishi madiwani kwamba kompyuta yake itasoma malalamiko ya wapangaji na kuyapeleka moja kwa moja kwa fundi anayehusika. Wakikubali, fedha zitaendelea, na Wattie ataacha kuajiriwa kwa mikataba ya miezi na kupewa kazi ya kudumu. Mama alikuwa ameshaitangaza kazi hiyo ya kudumu kanisani, dukani, na kwenye foleni ya posta. Walipotafuta mpangaji wa kusema lalamiko lake mbele ya watu, nani angepewa nafasi hiyo kama si mama wa anayeichapia mashine? Na bomba lake la jikoni lilikuwa linavuja kweli.

Ukumbi wa baraza ulijaa. Mama alivaa kofia ya Pasaka. Alikalishwa mbele, karibu na Wattie aliyekuwa kwenye kibodi, na maneno yakawa yanaonekana kwenye skrini kubwa ukutani. Nilikaa mstari wa pili. Nyuma yangu alikaa Eck Lumsden, fundi bomba wa baraza, aliyekuja kumwona mpinzani wake.

Lanyon akainama. "Haya, mama. Iambie shida yako kwa sentensi moja."

Mama akanyoosha mgongo. "Bomba la jikoni linahitaji tengenezwa."

Wattie alichapa kama alivyosikia. Vidole vyake havikufikiri. Skrini ikatulia kidogo, kisha nyota ikatokea mbele ya maneno ya mama, na chini yake maandishi: SI SENTENSI.

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama akadhani hakusikika. Akasema tena, polepole zaidi na kwa sauti ya kanisani, "Bomba. La jikoni. Linahitaji. Tengenezwa." Nyota tena.

"Teenie," Eck akasema nyuma yangu, "niachie mimi nije na spana. Mimi nasikia."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Madiwani wakaanza kutazamana. Lanyon, bado anatabasamu, akamwinamia mama. "Jaribu tena, mama. Mara hii kwa Kiingereza."

Mama alimgeukia Wattie. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akimngojea amwambie mtu yule kwamba hicho ndicho Kiingereza, kwamba yeye mwenyewe alinyonyeshwa kwacho. Lilikuwa jambo la sentensi moja, na ukumbi mzima ungemuunga mkono.

Lanyon akamnong'oneza Wattie kitu sikioni. Nilijua ni nini kabla sijaona. Mama akasema sentensi yake mara ya tatu, ileile, na Wattie akachapa, na kwenye skrini nikaisoma: *Bomba la jikoni linahitaji kutengenezwa.* Mti ukashuka mzuri, matawi yote mahali pake, na chini yake: FUNDI BOMBA. Madiwani wakapiga makofi.

Mama alijua kusoma. Aliitazama skrini muda mrefu kuliko walivyopiga makofi.

"Hilo si langu," akasema, kwa sauti ndogo, na akachukua mkoba wake.

Baraza lilikubali. Mashine ikaletwa ofisini kwao, kubwa kama kabati la nguo, na kwa wiki kadhaa mji mzima ulipigwa nyota. Dari inahitaji pakwa chokaa: nyota. Mlango unahitaji rekebishwa: nyota. Tangu wale maskini waliochinjwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja, sijui kama kuna mji uliokataliwa kwa kitu kidogo kiasi hicho. Mwishowe baraza lilimwajiri msichana wa kukaa kando ya mashine na kuingiza "ku" kwenye kila lalamiko kabla halijasomwa. Msichana huyo, akishaweka "ku," alikuwa tayari ameshajua ni fundi gani. Akaanza kumpigia Eck simu moja kwa moja. Mashine ikawa mahali pa kuwekea birika, nasikia liling'aa sana.

Mtu mwenye haya angejificha. Lanyon aliandika makala kuhusu mafanikio yake, akaitwa Marekani kwa mshahara mkubwa. Kazi ya kudumu ya Wattie hakuikumbuka tena, kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye basi. Kaka yangu alirudi Pitcarrow, akapata nafasi maktaba, akakaa nayo mpaka alipostaafu.

Hilo lote ningeweza kulicheka. Nalicheka. Lakini siku ileile ya ukumbini, jioni, Wattie alipoingia nyumbani kwa mama, alimkuta ameketi wima mezani. Akamwambia, kwa adabu kamili, "Chai inahitaji kumiminwa, Walter."

Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo.

Wattie alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwangu, kwa Ina, kwa Eck, kwa mbwa, mama alizungumza kama zamani. Wattie akiingia, alinyoosha mgongo na kuleta "ku" zake zote, moja moja, kama anayepanga vikombe vya wageni. Moto unahitaji kuchochewa. Bustani inahitaji kupaliliwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akizungumza na daktari, na mkaguzi wa kodi, na watu wengine ambao hawakumpenda. Hakumlaumu kwa neno hata moja. Alimlisha, akamshonea vifungo, akamwombea kwa sauti. Alimkaribisha kila Jumapili kama mgeni mheshimiwa.

Wattie alijaribu kila njia. Alimwomba msamaha, naye akasema hakuna la kusamehe, alikuwa amesahihishwa na watu wanaojua. Alianza kusema kwa lugha ya nyumbani kuliko sisi sote, gari linahitaji oshwa, mbwa anahitaji tembezwa, mpaka mama akamwambia, "Unakiongea vizuri sana, Walter. Ulijifunzia wapi?" Aliwahi kupiga magoti jikoni pale, mwanamume mwenye mvi, akasema, "Mama, niite mpumbavu. Nipige. Lakini ongea nami." Mama akamwinua na kumwambia sakafu inahitaji kukaushwa kwanza, atapata baridi ya mifupa.

Nilisali juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na wakati mwingine niliona aibu kumweleza Mungu ni nini hasa nilichokuwa nikiomba. Silabi moja, Bwana. Mwondolee silabi moja.

Mama alipougua ugonjwa wa mwisho, tuliweka kitanda chake sebuleni, karibu na dirisha linalotazama bahari. Wattie alichukua likizo maktaba, akamuuguza yeye zaidi yangu. Alimlisha supu ya shayiri kwa kijiko, akambadilisha nguo, na kila alichohitaji mama alikisema kwa sarufi ya Lanyon, pumzi ikimwishia: kijiko kinahitaji kuwekwa chini. Nilitaka kumpiga kikumbo, Mungu anisamehe, mwanamke anayekufa.

Asubuhi moja ya baridi kali nilikuwa nikikunja shuka mlangoni. Wattie alikuwa akimfuta uso. Chumba kilinuka dawa. Mama akageuza kichwa.

"Dirisha linahitaji funguliwa," akasema.

Wattie alisimama na kitambaa mkononi. Nikaacha kukunja.

"Umesemaje, mama?"

"Umesikia, Wattie. Au nikuitie mashine?"

Alilifungua lote. Upepo wa baharini ukaingia, ukapuliza pazia, ukazima moto kwenye jiko, na sote watatu tukaganda pale kama samaki dukani, na Wattie alikuwa akicheka na kulia bila kufuta chochote. Hakuthubutu kulifunga mpaka mama mwenyewe alipomwambia linahitaji fungwa. Aliishi siku chache baada ya hapo na hakumwita Walter tena.

Kaka yangu naye sasa amemfuata, kwa kifua kilekile alichozaliwa nacho. Kanisani mchungaji alitaja jina lake kwa usahihi, Wattie, na Lanyon, aliyestaafu na kurudi kwao, akaomba aongeze maneno machache. Alieleza kwamba Walter aliwasaidia kuweka msingi wa kisayansi wa lugha. Nilimtazama Eck, naye alikuwa akiitazama dari.

Kaburini tulisimama kila mtu kwa nambari yake. Mwenye duka la mazishi akaita nambari, watu wakainama na kuchukua kamba zao. Lanyon alisimama upande wa miguu na kadi mkononi, kamba yake ikiwa imelala kwenye nyasi mbele ya viatu vile. Jeneza likasubiri. Mimi nilikuwa karibu naye.

"Kamba inahitaji shikwa," nikamwambia.

Akanigeukia kwa heshima, kichwa kimeinama upande mmoja, nyusi zimepanda kidogo. Alikuwa akingoja nimalize sentensi.

Eck Lumsden akatoka nyuma yetu, akaokota kamba, akajizungushia mara moja mkononi, na Wattie akashuka sawasawa.